Kaka anataka kabro, mimi nataka mwembe wa mama

Bibi Shamba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kibarazani, na hapa nilipo silioni lango la nyumba yetu wenyewe. Si kwamba liko mbali, ni hatua ishirini tu. Limefunikwa na bogenvilia iliyopanda juu ya mpera, ikashuka upande wa pili, na sasa imeshika safari ya kwenda kwa jirani.

Hapa ni Likoni, kwa marehemu mamangu. Alipofariki miaka minne iliyopita tuliipangisha nyumba. Wapangaji walikuwa watu wazuri, kodi walilipa, lakini uwanja hawakuugusa. Walihama Desemba, nikarudi mimi na mume wangu na watoto wawili. Mwembe wa ngowe aliopanda babu umelalia paa, na majani yamejaa kwenye gata hadi maji ya tangi yananuka. Kuna minazi saba, makuti makavu yananing'inia kama nguo za mwendawazimu. Miarobaini midogo imeota kila mahali. Mmoja umetokea kwenye ufa wa ukuta na sasa ni mnene kama mkono wangu. Mlimau umegeuka manjano. Nyuma ya jikoni kuna rundo la makuti, vifuu na matawi, wapangaji walikuwa wakitupa kila kitu hapo, na juzi mwanangu wa miaka sita alimwona nyoka akiingia humo. Alisema ni mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Ni maneno ya mtoto, lakini mimi sikulala.

Kakangu mkubwa yuko Nairobi. Yeye anataka miti yote iondoke, uwanja upigwe kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, na upande wa nyuma tujenge vyumba vya kupangisha. Mirathi bado hatujaigawa, lakini ashamtuma fundi mwenye pawasoo, msumeno wa injini. Fundi alizunguka dakika kumi, akasema mizizi ya mwembe itaangusha nyumba, na kwamba kila kitu atakilaza kwa siku moja. Bei yake Sh35,000 na kuni achukue yeye. Mume wangu anaona ni bei nzuri.

Jirani naye ameshakuja mara tatu. Nazi ilitoboa bati la banda lake la kuku. Ameapa kwamba ataleta mtu wake aikate minazi yetu, na kwamba tawi la mwembe lililovuka kwake ni lake, na maembe yake ni yake.

Halafu kuna mzee mmoja Mdigo, huja kila baada ya miezi mitatu na kamba yake, hukwea minazi miwili ya karibu na kisima na kuondoka na nazi. Nilimuuliza kwa heshima. Akanijibu, "Hii alipanda baba, mamako alijua." Kaka anasema ni mwizi.

Ningekuwa nimeshakubali yaishe. Lakini wiki iliyopita nilipokuwa nikichota maji nilisikia harufu. Nikapekua magugu pale kando ya kisima, nikakuta ua moja la asumini, moja tu, jeupe. Mama alikuwa akishona vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba, kwa asumini ya mti ule kila Alhamisi jioni. Nilidhani ulishakufa.

Nianzie wapi? Nikate nini, niache nini? Nina Jumamosi mbili kwa mwezi na fedha za kuhesabu. Na kaka nimjibu vipi?

Mtoto wa Mwisho, Likoni

* * *

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mamako.

Kwanza mpigie simu yule fundi umwambie asije. Usimpe sababu ndefu. Mtu anayezunguka uwanja dakika kumi na kusema atalaza kila kitu kwa siku moja hakuja kuangalia miti, alikuja kupima kuni. Na hiyo bei mumeo anayoiona nzuri, hebu aihesabu tena. Gogo la mwembe mkubwa lina mteja wake, mbao zake zina mteja, matawi yanachomwa mkaa. Fundi anataka mumlipe ili abebe mali yenu. Siku utakapohitaji kukatiwa tawi kubwa, kodi mtu na msumeno wake kwa kazi hiyo moja, na kuni zibaki uwanjani.

Kazi yako ni ya miezi, si ya siku. Uwanja ulioachwa miaka minne hautaki kuadhibiwa. Kwa bahati umeniandikia wakati mzuri. Kaskazi inaelekea kuisha, maembe yameshavunwa, na masika hayajafika. Una wiki kama sita kabla ardhi haijalowa na kusi haijaanza kusukuma. Jumamosi zako chache zinatosha ukizipanga.

Jumamosi ya kwanza ni ya rundo la nyuma ya jikoni. Mwembe ungoje. Nyoka hakufuata makuti, alifuata panya, na panya walifuata takataka. Watoto wasiwepo siku hiyo. Vaeni gambuti, na kila kuti livutwe kwa reki au fimbo ndefu kabla mkono haujaligusa. Anzeni juu kushuka chini, mchana jua likiwa kali, na upande mmoja uachwe wazi ili aliyemo apate pa kukimbilia. Mkimwona, mwacheni aende zake. Anayejaribu kuua hujitafutia kuumwa.

Vifuu usivipuuze. Kila kifuu kilicholala chali ni bakuli la maji mvua ikinyesha, na yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hahitaji zaidi ya hapo. Mombasa tulipata mlipuko wa dengue mwaka 2013 ukaendelea hadi 2014, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 na mapema 2018. Ninaowajua walioshikwa na chikungunya walikuwa wakishuka ngazi kwa makalio kama watoto. Geuza vifuu, vichome jikoni, au wape wanaochoma mkaa wa vifuu. Gata zisafishwe siku hiyo hiyo na tangi limwagwe, maana majani yaliyooza kwenye gata ni mazalio yale yale, ila juu ya kichwa chako.

Majani na magugu laini usichome moto. Jirani ana hasira tayari, usimwongezee moshi. Chagua pembe moja yenye kivuli, weka tabaka la majani makavu, tabaka la magugu mabichi na maganda ya jikoni, maji kidogo, kisha geuza kila baada ya wiki mbili. Utawaona majongoo wameingia, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu. Usiwaue. Kule Bamburi, machimbo ya saruji yalipokuwa jangwa jeupe la matumbawe, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, na majani ya mivinje yakawa yanarundikana bila kuoza. Waliofanya kazi ya kuyageuza kuwa udongo ni majongoo. Msitu ule unaopelekwa kutembezwa watoto wa shule leo umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Wako wanakuja bila kuitwa, na bila malipo.

Sasa minazi, na hapo lazima tumzungumzie mzee.

Kakako hajui anachosema. Pwani hii mtu aliweza kumiliki mti bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, kama ambavyo hapa Mombasa tuna mitaa mizima ya nyumba bila ardhi. Mtu aliomba ruhusa, akapanda minazi kwenye shamba la mwenzake, mti ukawa wake na watoto wake, ardhi ikabaki ya mwenyewe. Hakuna aliyeandika, kwa sababu aliyepanda na aliyeruhusu walisali msikiti mmoja. Wanasheria wa hati miliki watakwambia kilichosimama juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, na mahakamani pengine watashinda. Lakini mzee amekwambia mamako alijua, na wewe mwenyewe hukuandika kwamba mamako aliwahi kumfukuza. Waulize wazee wawili wa mtaa. Kama wanakumbuka, mwachie minazi yake miwili.

Tena nikwambie ukweli: huyo ni tunu. Wakwezi wamekuwa adimu, vijana hawataki tena kamba, na wewe una mmoja anayekuja kwa miguu yake mwenyewe kila miezi mitatu. Mkaribishe chai. Mwombe akikwea miwili yake, akwee na mitano yenu, asafishe vilele, aangue nazi zote zilizokomaa, na umpe fungu lake humo. Andikeni kwenye karatasi, nakala moja yako na moja yake, na mtu wa tatu atie sahihi. Hapo banda la kuku la jirani litakuwa limepona, kwa sababu nazi inayodondoka ni nazi iliyocheleweshwa kuanguliwa.

Akiwa juu, mwambie atoe makuti makavu tu, yaliyoning'inia, pamoja na makarara makavu, yale yanayobeba maua na nazi, na vidaka, yaani nazi changa, vilivyokufa. Ya kijani asiyaguse, hata jirani akilia. Mnazi mzima hutoa kuti jipya takriban moja kwa mwezi, na kwenye kwapa la kila kuti ndipo linapotoka karara lenye nazi zako. Wanaopunguza kuti la kijani ili mnazi uonekane nadhifu kama ufagio wamekata nazi za mwaka ujao; hawajui kwa sababu nazi huchukua mwaka mzima kutoka ua hadi kukomaa, na kufikia hapo wameshasahau. Kilele ndicho roho ya mnazi. Mti huo una kichipukizi kimoja tu, kikijeruhiwa hauna kingine.

Mwombe pia akuangalizie kama makuti machanga yanafunguka yakiwa yamekatwa pembe tatu kama kwa mkasi. Hiyo ni kazi ya yule mdudu mweusi mwenye pembe ya kifaru. Yeye hutaga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye samadi iliyorundikwa, kwa hiyo mnazi ukifa, gogo lisilale uwanjani likageuka kuwa hospitali yake ya uzazi. Lipasue, litumie, lichome. Na kama mzee atashuka akijikuna na kulaani chungu wa majimoto, mpe pole lakini usinunue dawa. Majimoto wanaoshona majani ya mnazi na mwembe kuwa viota ni walinzi. Wanamfukuza mdudu anayenyonya vidaka na kuvifanya vidondoke vikiwa vidogo kama ngumi. Ukiwapulizia dawa leo, mwaka kesho utaniandikia kwamba minazi haizai.

Makuti makavu yaliyo sawa usitupe. Hapo Likoni hukosi mama anayesuka. Muulize kama atayachukua.

Nimefika kwenye mwembe, na hapa nitakaa.

Miaka kadhaa iliyopita nami nilikuwa na mwembe wa dodo karibu na dirisha la chumba cha kulala. Popo walipiga kelele usiku, kunguru wakapiga kelele alfajiri, nikasema basi. Nikaleta mtu. Ilimchukua asubuhi moja. Mchana ule ule jua la saa tisa likaingia chumbani likakaa kitandani kwangu kama mgeni asiyejua kuaga, na mpaka leo linakuja kila siku. Kunguru wenyewe walihamia mlingoti wa simu wa jirani na kelele yao ni ile ile. Hao walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka hawaondoki kwa sababu mmekata mti mmoja. Ondoa taka kwanza.

Kwa hiyo huo wa babu usiukate, upogoe. Nasema hivyo kwa sharti moja: uangalie shina kabla hujaamua. Zunguka, gonga kwa nyuma ya panga, sikiliza. Ukisikia mlio mtupu kama debe, au ukiona uyoga umeota chini ya shina, au ardhi upande mmoja imeinuka na kupasuka, huo ni mti mgonjwa, na juu ya paa la watoto mti mgonjwa hauna mjadala. Ukiwa mzima, endelea.

Kuhusu mizizi kuangusha nyumba: huku kwetu chini ni mwamba wa matumbawe, mara nyingi udongo juu yake si mwingi, kwa hiyo mizizi hutambaa juu juu. Inaweza kuinua kibaraza, inaweza kuingia kwenye shimo la maji machafu lililopasuka. Lakini kabla ya kuhukumu, chukua penseli. Kila ufa wa ukuta upande wa mwembe, weka alama pale unapoishia, andika tarehe. Mvua zikiisha Julai, angalia tena. Ufa usiotembea hauna kesi na mwembe.

Sasa kupogoa. Msimruhusu mtu yeyote akate zaidi ya robo ya kichwa cha mti mwaka huu. Ndiyo, paa litabaki na kivuli kidogo, na mwakani mtaendelea. Anzeni na matawi makavu, kisha yanayogusa bati, kisha yanayosuguana. Kamwe msikate kichwa kikabaki kisiki. Mwembe uliokatwa hivyo hutoa fimbo nyingi dhaifu zinazovunjika kwa upepo wa kwanza, na gome lake, lililozoea kivuli, huchomwa na jua likapasuka. Pale ambapo tawi nene litabaki uchi juani, lipake chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji. Ndiyo, chokaa ya ukuta. Inarudisha jua.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu, na fundi asiyejua hili usimruhusu apande. Mkato wa kwanza ni chini ya tawi, umbali wa kama mkono mmoja kutoka shinani, uingie theluthi moja tu. Wa pili ni juu, mbele kidogo ya ule wa chini. Tawi litaanguka lenyewe bila kuchana gome hadi shinani. Wa tatu ni kuondoa kile kibutu. Utaona pale tawi linapotoka kuna pete iliyovimba kidogo. Kata nje ya pete hiyo, usiiguse, wala usiache kijiti kirefu. Pete ndiyo inayofunga jeraha. Usipake lami wala rangi kwenye jeraha lenyewe, mti unajua kujifunga.

Nguo za mikono mirefu ni lazima, maana utomvu wa mwembe huunguza ngozi, hasa wa kwenye vikonyo. Sabuni na maji papo hapo. Na kama kuna waya wa umeme karibu na tawi, hata ule wa kuingia nyumbani, kazi isianze hadi kampuni ya umeme ije ikate moto. Hilo sina mzaha nalo.

Msimu ujao, maembe yanayooza chini yasilale. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa hapa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo embe lililodondoka ni kiota chake. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki mgumu, ufunge, uache juani siku kadhaa, au chimba shimo la nusu mita. Kuyatupa kwenye mboji ni kumfugia.

Jirani je? Kwa kanuni tuliyoirithi kutoka sheria ya Kiingereza, tawi likivuka mpaka ana haki ya kulikata pale pale kwenye mpaka. Hana haki ya kuingia kwako bila ruhusa, na hana haki ya kugusa minazi iliyosimama upande wako. Tawi alilolikata na maembe yake bado ni mali yako. Ukishajua hayo, yaweke mfukoni usiyatamke. Nenda na bati jipya la banda la kuku na kapu la nazi, mwambie siku mzee atakapokuja. Ulimwengu mzima umegombana na jirani kwa ajili ya haki iliyokuwa yake.

Mwarobaini wa ukutani usiung'oe. Mzizi uko ndani ya ukuta, utatoka nao. Ukate chini kabisa, na kila wiki mbili uondoe vichipukizi vyote bila huruma mpaka kisiki kife njaa. Kinaweza kuchukua mwaka. Kisha ndipo fundi wa mawe afungue na kuziba. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta nadhani walikuwa na mwarobaini ukutani. Midogo ya uwanjani ingoje mvua ya kwanza, udongo ukilainika, ing'oe kwa mkono na mzizi wake. Acheni mmoja mahali pa mbali na nyumba kama mnatumia majani yake. Mmoja. Ndege na popo wanasambaza mbegu kuliko mnavyoweza kung'oa.

Mlimau: kama jani ni la manjano na mishipa imebaki kijani, hiyo ni ardhi ya chokaa kuzuia chuma kisipande. Mboji nyingi chini yake, isiguse shina, na usimwagilie maji ya kisima yenye chumvi. Bogenvilia kata hadi kiunoni, haifi, nimejaribu.

Kakako sasa. Umeandika kwa kupita tu kwamba mirathi haijagawanywa, na hapo ndipo jibu lilipo. Mali ya marehemu ambayo haijapata msimamizi wala mgao haina mtu mmoja wa kuiamulia, awe mkubwa au wa mwisho. Yeye hawezi kuuza mwembe, na wewe huwezi kuiamulia peke yako. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole, kwa simu, usimwandikie kwenye kundi la familia ambako shangazi watatu watasoma. Mwambie: "Kaka, tuitishe mirathi kwanza, kisha tuzungumze kabro." Nendeni kwa kadhi kama ni Waislamu, au mahakama ya kawaida, lakini nendeni. Miaka minne inatosha.

Na vyumba si wazo baya, usimpinge kwa kila kitu. Upande wa nyuma, rundo likishaondoka, huenda pakatosha bila kugusa mwembe. Kabro ndiyo nisiyoikubali, si uwanja mzima. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa, na maji ya mvua yanayoangukia kabro hayana pa kuzama. Yatakwenda kwa jirani yule yule wa banda la kuku. Mashine ya kushindilia ikipita juu ya mizizi, mwembe utakauka taratibu, na kakako atasema ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Apewe njia ya gari, mistari miwili ya magurudumu, kutoka lango hadi kibarazani, na pembeni mchanga ubaki mchanga. Kabla ya kuangusha mti wowote mkubwa, pitieni ofisi ya mazingira ya kaunti muulize kuhusu kibali.

Asumini nimeiacha mwisho kwa sababu usiiguse bado. Najua mkono unakuwasha. Toa magugu yanayoinyonga kwa mkono, si kwa panga, maana matawi yake na ya magugu yamefungamana na utakata usichotaka. Iache inywe mvua ya kwanza. Ikishaanza kutoa machipukizi ndipo ukate vijiti vikavu na kufupisha mirefu, theluthi moja. Vijiti vya kijani vilivyo na vifundo vitatu au vinne, usivitupe. Choma kwenye mchanga uliolowa, kivulini, vifundo viwili chini. Mpe mzee vitatu vitakavyoshika. Akikuuliza ni vya nini, mwambie vya mkewe.

Bibi Shamba